Ukoko Chini ya Kawa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifunga mwezi mzima na kula Idi kama sisi, mpishi wa ukoo alikuwa Bi Kindi. Mzee Kiboko alikuwa baba yake mkubwa, na Bi Nyati shangazi yake. Undugu huo ulitokea wapi? Msiniulize mimi, waulizeni wenyewe!

Kila Idi, wanangu, mambo yalikuwa yale yale. Kindi anapika tangu alfajiri, macho yamemwiva kwa moshi. Wakubwa wanakaa mkekani, wanafagia sinia lote, kisha wanapiga mbweu, "Gboo!" Watoto wa Kindi wanabaki kukwangua sufuria, kwaru kwaru, wakitafuta ukoko. Hebu niambieni, huo ni uungwana?

Mwaka ule kitindamimba wake akamuuliza, "Mama, pilau ina ladha gani?"

Kindi alipandwa na hasira mpaka mkia ukasimama. Anapika yeye, halafu mwanawe hajui pilau! "Leo utaijua," akasema. "Wallahi leo utaijua!"

Akapakua pilau yote, na korosho zake na zabibu zake, kwenye beseni kuukuu. Ukoko akaubandua, akauweka kwenye sahani ya kaure na kuufunika kwa kawa lake la harusi, lile la rangi rangi. Akavipeleka vyote mkekani.

"Karibuni beseni, wazee wangu. Ila kilicho chini ya kawa msikiguse. Hicho ni cha wakubwa."

Bi Nyati akafura. "Cha wakubwa? Kwani sisi ni nani?"

"Shangazi, kuleni tu hiki. Ni chakula cha watoto, lakini kinashibisha."

"Cha watoto!" Mzee Kiboko akaruka, puu! Mkeka ukajikunja. "Mimi, na kitambi hiki! Huna adabu, Kindi! Lete hicho cha chini ya kawa!"

"Lakini baba mkubwa, nimekitenga..."

"Lete! Na beseni lako wapelekee hao wanao. Sisi hatuligusi, hata punje! Ukoo mzima umesikia?"

"Tumesikia!" ukoo ukaitikia.

Kindi akalibeba beseni mbio, tipi tipi tipi, hadi uani.

Kiboko akafunua kawa. Akatia mdomoni. Kru! Kru!

"Kaka," Bi Nyati akanong'ona, "mbona huu ni ukoko?"

"Nyamaza! Unataka watucheke? Tafuna!"

Wakatafuna, meno yanauma, machozi yanawalengalenga. Kule uani watoto wanagombania korosho kwa vicheko.

Mara kitindamimba akaja na tonge la pilau mkononi, linanukia iliki. "Babu, onja kidogo. Ni tamu kweli!"

Kiboko akalitazama lile tonge. Akameza mate, gulu! Ukoo mzima ulikuwa ukimwangalia.

"Mimi?" akasema kwa hasira. "Mimi sili chakula cha watoto!"

Basi mtoto akalila mwenyewe, palepale mbele yake.

Mnaona, wanangu? Anayewanyima wadogo kwa kujiona mkubwa, ukubwa huohuo utamlaza na njaa.