Vifuko Vitatu Mtungini

Hapo zamani, wakati bibi za bibi zetu walipokuwa bado wakitia pombe ya ndizi kwenye chupa na kuziziba kwa magunzi ya mahindi, kulikuwa na nyumba moja mlimani yenye watu wanne. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni mtaulizwa.

Wa kwanza alikuwa Mama Namsi, mjane, fundi wa pombe. Wa pili alikuwa Kateri, mwanawe. Wa tatu alikuwa Nakijwa, mke wa Kateri. Wa nne alikuwa Nanzia, mdogo wake Kateri, msichana wa miaka kumi na minne.

Nanzia alikuwa amesoma mpaka darasa la sita. Baba yake alipofariki, akaambiwa abaki nyumbani asage ulezi wa pombe. Sare yake ya bluu aliikunja akaiweka chini ya mto, akisema labda mwakani. Nakijwa hakumcheka. Walipokuwa wakingoja chungu kichemke, alichukua kipande cha mkaa akamwandikia hesabu ubavuni mwa mtungi. Nanzia akazijibu, kisha wakazifuta kwa maji kabla Mama Namsi hajaona.

Sasa siku moja Nakijwa, akiwa mjamzito, alikuwa amebeba mtungi uliojaa. Kizunguzungu kikamshika. Mtungi ukaanguka, pombe yote ikamwagika uani, mbele ya majirani waliokuja kununua.

Mama Namsi akasema, "Mikono ya kwao ndivyo ilivyo! Haishiki mtungi, itashika mtoto?"

Kateri alikuwa mlangoni akimenya muwa. Alisikia. Akaendelea kumenya muwa.

Majirani wakacheka, na Nanzia naye akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha kuwafuata wakubwa.

Nakijwa akamtazama aliyesema. Akamtazama aliyenyamaza. Akamtazama aliyecheka. Kisha akachukua kikapu chake akaenda kwao, ng'ambo ya mabonde mawili. Huko akajifungua mtoto wa kike.

Watu wa mlima ule walikuwa na desturi yao. Mke aliyeondoka na kinyongo hufuatwa kwa pombe. Watu wa kwao wakiinywa mpaka kata ikauke, anarudi. Wakiimwaga mlangoni, basi, harudi tena, na mtoto anabaki huko.

Na pombe hiyo ilikuwa na kazi yake. Ikishaiva na povu likatulia, hutiwa maua makavu ya mmea mchungu unaotambaa juu kabisa mlimani, kwenye baridi. Maua hayo hayachemshwi. Hufungwa kwenye kifuko cha kitambaa pamoja na jiwe dogo, yakazamishwa kwenye pombe baridi, yakakaa siku tatu. Ndipo pombe hutiwa chupani. Maua huipa harufu ya majani yaliyonyeshewa, na uchungu kidogo. Kidogo tu. Mtungi mmoja, kifuko kimoja.

Kifuko hutiwa na mwenye kosa. Hukishona kwa kitambaa alichokata kwenye nguo yake mwenyewe, hukitia akiwa peke yake, na habari ya kifuko haisemi wala haulizwi mpaka siku ya tatu, kwa sababu pombe imelala. Na ikiwa mtoto amezaliwa huko kwa kina mama yake, hapewi jina mpaka pombe inywewe. Jina hutolewa na yule aliyetia kifuko.

Basi Mama Namsi akapika pombe. Ndizi zikaivishwa, zikachemshwa, zikachujwa. Ulezi ukatiwa. Povu likapanda, povu likashuka. Mama Namsi akaufunika mtungi kwa jani la mgomba, akasema, "Imelala." Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Nanzia hakupata usingizi mzuri. Alikumbuka kicheko chake kila alipofumba macho. Kulipopambazuka akatoa sare chini ya mto, akaitandaza magotini, akaitazama sana. Kisha akakata pindo la sketi. Hakuwa na maua. Akapiga magoti chini ya dari ambapo mama yake huanika maua, akaokota yaliyodondoka, moja moja, mengine yameshapondwa kwa miguu. Akashona, akatia jiwe, akazamisha. Mapovu mawili yakapanda, kisha pombe ikatulia. Siku tatu hakumwambia mtu.

Siku ya tatu Mama Namsi akafunua mtungi. Nanzia alishika jani lililokunjwa kama faneli juu ya chupa ya kwanza. Mama akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kifuko cha kitambaa cha kanga. Akakiweka pembeni haraka. Alipoingiza kata achote, kata ikagonga kitu. Akatoa kifuko kinene cha kitambaa cha shati la kaki. Akachovya mkono tena, akatoa cha tatu kutoka chini kabisa, kidogo, cha bluu.

"Hiki cha bluu cha nani?"

"Changu, mama," Nanzia akasema.

"Na hiki?"

"Changu," Kateri akajibu kutoka mlangoni.

"Wewe umetia kwa lipi? Siku ile ulisema nini?"

"Sikusema kitu, mama. Ndiyo sababu."

Mama Namsi akakaa kwenye kigoda, mkono unadondosha pombe. "Mimi nilidhani nyote mnajua kwamba ni mimi," akasema polepole.

Kateri akaonja. Uso ukamkunjamana mpaka masikio yakasogea. "Tumekwisha."

"Tupike nyingine," Nanzia akasema.

"Ndizi zinataka siku sita kuiva," mama akajibu, "na siku tuliyopewa ukweni ni kesho."

"Tuipeleke hivyo hivyo," Kateri akasema. "Tukienda mikono mitupu, ndiyo tumemkana kabisa."

Mama Namsi akajaza chupa kumi na mbili, akaziziba kwa magunzi. Vile vifuko vitatu Nanzia akavikamua, akavitia kikapuni mwake.

Kesho yake wakavuka mabonde mawili. Nakijwa alikuwa ndani na mtoto, hakutoka. Ukweni mwenye neno alikuwa shangazi yake, Nambike, mwanamke mrefu ambaye hata mbwa wake walimwamkia. Akapewa kata ya kwanza. Akavuta funda moja.

"Yeuwii! Mmetuletea pombe au dawa ya minyoo?"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka. "Mlimtukana mtoto wetu kwa mdomo, leo mmekuja kututukana sote kwa kata." Akainuka, akaenda mlangoni, akainamisha kata ili amwage.

Nanzia hakuwa na ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa wale. Akanyakua ungo uliokuwa ukutani, akauweka kizingitini miguuni pa shangazi, akamwagia humo vifuko vyote.

"Shikamoo, shangazi. Usimwage. Hesabu kwanza."

Shangazi akahesabu. "Kimoja. Viwili. Vitatu." Akamgeukia Mama Namsi. "Kosa moja, vifuko vitatu?"

"Kila mmoja alijiona yeye ndiye mwenye kosa," Mama Namsi akasema, "na kila mmoja alinyamaza kama desturi inavyotaka. Ndiyo maana ni chungu."

Kisha Nakijwa akatoka, mtoto mgongoni. Akainama kwenye ungo, akaokota kifuko cha bluu.

"Wifi, umeikata sare yako?"

"Nimeikata."

Nakijwa akaichukua kata mkononi mwa shangazi, akanywa funda moja. Machozi yakamtoka. Kama ni ya uchungu wa maua au ya kitu kingine, hakuna aliyeuliza. "Shangazi," akasema, "maliza."

Shangazi akanywa, akalaani, akanywa tena, akampa aliyekuwa karibu. Kata ikazunguka mpaka ikakauka.

"Haya, anarudi," shangazi akasema akijifuta mdomo. "Limebaki jina. Jina ni la mwenye kifuko. Mwenye kifuko ni nani?"

Mama Namsi akasema, "Ni mimi. Neno lilitoka kinywani mwangu, hawa wawili waliliokota tu. Tangu nizaliwe sijamwomba radhi mtu niliyemzidi umri, leo nimemwomba. Na kanga niliyoikata ndiyo ya mwisho aliyoninunulia marehemu. Nipeni nimpe mtoto jina."

Kateri akasema, "Ni mimi. Mama alisema neno moja. Ningelijibu, lingekufa palepale. Mke ni wangu, na ni mimi niliyemwacha aondoke peke yake na mimba. Nimepanda kwenye baridi kuchuma maua mapya, nikayakausha motoni. Uchungu mlioonja mwingi ni wa kifuko changu. Na jana pombe ilipoonekana imeharibika, ni mimi niliyesema twende. Nipeni nimpe mwanangu jina."

Nanzia alikuwa akitazama miguu yake.

"Sema, wifi," Nakijwa akamwambia.

"Mimi nilicheka tu," Nanzia akasema. "Lakini nilimcheka mtu ambaye hakunicheka. Kifuko changu ni kidogo, ila ndicho cha kwanza. Vyao viliingia juu ya changu. Sare ile nilikuwa naitunza nirudi nayo shule, sasa haina pindo. Na kata ilikuwa imeshainama, shangazi. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua," shangazi akasema.

Akamtazama huyu, akamtazama yule, akakuna kichwa, akasema desturi haikuwahi kufikiria vifuko vitatu, na mtoto mmoja hapewi majina na watu watatu. Akamwachia Nakijwa aamue.

Nakijwa akamtazama aliyesema. Akamtazama aliyenyamaza. Akamtazama aliyecheka. Akamkaza mtoto mgongoni.

"Mimi nimeshainywa," akasema. "Hilo la jina waamue waliosikia."

Wakaondoka wanne na mtoto, wakashika njia ya mabonde mawili, mtoto bado hana jina. Hawajafika nyumbani. Je, ninyi mliosikia, nani alistahili kumpa mtoto yule jina: aliyesema, aliyenyamaza, au aliyecheka?