Nyumba Iliyojidhani Wingu

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa na nini?

— Pakawa na mlango.

Nani yuko ndani?

— Hatujui, tufungulie.

Basi nafungua. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna taratibu, hadithi hii ina usingizi ndani yake.

Hapo kale, si kale sana, mabati yalikuwa yameshaanza kuingia, palikuwa na mji wa wastani. Si jiji la kumpoteza mtu, si kijiji cha kujuana wote. Treni ilisimama pale, ikapumua, wakashuka watu wachache na magodoro yao. Wakaanza kuuliza vyumba. Kila siku waliuliza vyumba.

Katika mji huo aliishi mjane, jina lake Bibi Kalunde, mwuza asali. Aliuza asali tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zikawa nyeupe. Akala kidogo, akaweka. Akavaa kitenge kilekile, akaweka. Akajenga nyumba ya kupangisha: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua kwa nyuma. Mwenyewe akaendelea kulala kwenye kibanda chake cha udongo, pale pale kiwanjani.

Alisema, "Miguu ikinishinda kwenda sokoni, nyumba hii ndiyo itakayonilisha. Sina mtoto, sina ndugu. Nina nyumba."

Na alisema kweli. Nyumba ile ikipotea, mwanamke huyu hana kitu. Shikeni hilo.

Sasa, nyumba ilipokwisha ikawa nzuri kupita kiasi. Bibi akaipenda vibaya. Asubuhi aliifungua, akafuta sakafu, akafunga kufuli. Jioni aliifungua, akafuta tena, akafunga. Nawajua wenye nyumba wa namna hiyo, na nyie mnawajua, msijifanye.

Akaja Sijaona, fundi cherehani, mashine yake kichwani.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa una chumba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine inatetemeka?"

"Kidogo tu."

"Itanipasulia sakafu. Hapana. Nyumba yangu bado mpya."

Sijaona akaenda zake. Mchana ule jua likawa kali, mji mzima ukasinzia. Mbuzi wakasinzia, mawakala wa treni wakasinzia, hata nzi wakasinzia. Na nyumba ikapanda. Ikaachana na msingi wake, kidole kimoja tu, polepole, kama andazi linavyojiinua kwenye mafuta. Bibi akaona mwanga ukipita chini ya ukuta. Akadhani ni macho yake.

Akaja Maganga, mkaanga mihogo, karai mkononi.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa una chumba."

"Marahaba. Hilo karai linatoa moshi?"

"Bibi, karai lisipotoa moshi nitakula nini?"

"Moshi utanichafulia dari. Hapana. Nyumba yangu bado mpya."

Mchana ukafika, mji ukasinzia, nyumba ikapanda hadi magotini. Kuku wa jirani wakapita chini yake, wakatokea upande wa pili, wakaendelea na mambo yao.

Akaja Mama Kulwa, na watoto wake mapacha, Kulwa na Doto, wameshika kanga yake kila mmoja upande wake.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa una chumba."

"Marahaba. Hao watoto wanatulia?"

"Wakilala."

"Wataniharibia kuta. Hapana. Nyumba yangu bado mpya."

Mchana ukafika, mji ukasinzia. Nyumba ikapanda kimo cha mtu mzima, ikaning'inia pale kwenye joto, nyeupe, inayumba kidogo. Na safari hii ikaimba, kwa sauti ndogo ya bati linalopata jua:

*Sina jiko, sina kikohozi,*
*sina mtoto, sina usingizi.*
*Mimi ni wingu, naenda zangu.*

Bibi Kalunde akaogopa. Akaifunga kamba za katani, kamba zikanyooka zikakatika. Akapandisha mawe kwa ngazi, akayapanga vyumbani. Nyumba ikabaki juu na mawe yake, yakawa yanabingirika humo ndani kila upepo ukipita.

Ndipo akamwita Nguchiro.

Nguchiro mnamfahamu, yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu. Hajawahi kujenga kitu maishani mwake. Anaingia kwenye vichuguu vya mchwa, anakaa, akichoka anahama. Ndiyo maana akawa dalali wa vyumba. Hakuna anayejua habari ya kukaa kwa mwenzio kama yeye.

"Dalali, nyumba yangu inaondoka."

"Nimeiona, bibi. Jana nilipumzika chini yake. Ina kivuli kizuri."

"Imerogwa?"

"Haijarogwa. Haijui kuwa ni nyumba. Tangu uijenge, nani amebisha hodi pale akaambiwa karibu?"

Bibi akafikiri. "Mimi naingia kwa ufunguo."

"Basi ndiyo hivyo. Kitu cheupe, kitupu, kimya, kimekaa juani kutwa. Ungekuwa wewe ungejionaje? Imejidhani wingu."

Bibi hakungoja zaidi. Akapanda ngazi, akasimama mlangoni, akaita hodi. Akakimbilia ndani, akajibu karibu. Mabati yakalialia. Ilikuwa ni nyumba inacheka. Kisha ikapanda shubiri nyingine.

Mnacheka na nyie? Kuna watu humu humu wanajibishia hodi na kujijibu, sitawataja.

Nguchiro akasema, "Nipe ufunguo mchana mmoja. Sitaki kodi ya mwezi kama madalali wengine. Nataka shimo chini ya msingi wako, nikae mpaka nife."

"Utaniletea watu."

"Nitaleta kitu cha kuishika isiondoke. Wewe nenda kalale."

Bibi alikuwa amechoka kwa hofu. Akatoa ufunguo, akaingia kibandani kwake, akalala.

Usingizini akasikia cherehani. Tiki-tiki-tiki, kwa mbali, kama mvua inayoanza. Akasikia mafuta yanachemka. Akasikia watoto wawili wanagombania kitu kimoja. Akajigeuza. Akafumbua macho, na sauti zikaendelea.

Akatoka mbio. Nyumba ilikuwa imeshuka, imebaki kiganja tu kutoka kwenye msingi, imetulia kama mtu anayetega sikio. Madirisha yote wazi. Moshi wa mihogo unatoka humo, na mlangoni zimepangwa ndala, kubwa na ndogo.

Bibi akaona moshi tu. "Tokeni!"

Nyumba ikapanda hadi magotini.

"Nimesema tokeni."

Ikapanda kimo cha mtu.

"Tokeni kwenye nyumba yangu."

Ikaupita mwarobaini wa pale kiwanjani. Ngazi ikaanguka. Waliokuwa ndani hawakujua kitu: Sijaona anashona, Maganga anageuza mihogo yake, Mama Kulwa anamnawisha Doto uso. Walikuwa wamepata pa kukaa, na mtu aliyepata pa kukaa hachungulii nje kila saa.

Bibi Kalunde akaketi chini mchangani. "Imekwenda," akasema. "Nguchiro, uzee wangu huo unakwenda."

"Bisha hodi, bibi."

"Kwangu?"

"Kodi ni ya kwako. Mlango sasa ni wa kwao."

"Mwenye nyumba habishi hodi kwake."

"Basi iage," akasema Nguchiro, akalala chali kuitazama.

Bibi akaitazama pia. Ilikuwa imekuwa ndogo, na chini yake msingi uko wazi unaota jua. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, kama mtu anayekwenda ugenini.

"Hodi," akasema. Sauti haikufika.

"Hodi," akasema tena. Nyumba ikasita.

"Hodi hapa, wenyewe?"

Na kutoka kule juu, bila haraka, ikaja sauti ya Mama Kulwa, sauti ya mtu ambaye mikono yake ina kazi:

"Karibu! Pita tu ndani, sisi tupo."

Nyumba ikatetemeka, kama mtu anayezinduka usingizini akakumbuka jina lake. Ikashuka. Ikaupita mwarobaini, ikapita kimo cha mtu, ikapita magoti. Ikakaa kwenye msingi wake, vumbi likatimka, likatua.

Bibi Kalunde akabaki amesimama nje analia. Hakulia kwa ajili ya nyumba. Tangu amzike mumewe, yeye ndiye aliyekuwa akiwakaribisha watu, karibu asali, karibu mteja, kutwa nzima, miaka yote. Hakuna aliyewahi kumwambia yeye apite ndani. Alikuwa amesahau neno lile linavyosikika likisemwa kwako.

Mama Kulwa akachungulia, mikono inachuruzika maji.

"Bibi, mbona umesimama juani? Maganga kaipua sasa hivi, ingia upate ya moto."

Bibi akavua viatu, akaviweka mwisho wa mstari wa ndala. Akaingia.

Na mimi mlango wa hadithi naurudishia hapa, bila kufuli. Utamu chukueni mwende nao. Uongo niachieni, nitaupangisha.

— Na kodi?

Mtanipa karanga.