Nani Ampe Jina Binti wa Somoe

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mimi nitasimulia, kuamua ni kwenu.

Walikuwapo watu watatu. Binti aitwaye Sikujua alikuwa na masikio: alitambua kilio cha njaa na kilio cha uchungu hata nyuma ya ukuta. Ausi, mchukuzi wa mizigo, alikuwa na mgongo: gunia la korosho kwake lilikuwa kama kanga begani. Daktari Kihwelo alikuwa na vidole: aliupapasa mshipa wa fahamu chini ya ngozi kama fundi cherehani anavyotafuta uzi ndani ya pindo.

Aliyewahitaji wote ni Somoe, wifi yake Sikujua. Aliugua ukoma akiwa mjamzito, akaanza dawa, akajifungua salama mtoto wa kike. Mtoto hata hajapewa jina, mabaka ya mama yakavimba, kiwiko kikawaka moto, vidole vikaanza kujikunja. Mumewe alikuwa mbali, machimboni.

"Dawa hizo ndizo zinazomla," alisema mama mkwe, Bi Fatu. Akazitupa chooni, akamchukua mtoto, akamwamuru Sikujua amfungie wifi yake chumba cha uani. Sikujua akafunga.

Chumba hakikuwa na dirisha. Mtoto aliletwa kunyonya, kisha akaondolewa. Kila asubuhi Somoe alijaribu kufunga kanga, na kila asubuhi kidole kingine kilikataa. Akimsikia mwanawe analia, maziwa yalimchuruzika, akaupiga mlango kwa mkono usiosikia maumivu. Alichubuka, damu ikatoka, asijue.

Sikujua alisikia. Bi Fatu alipokwenda msibani, alifungua mlango, mtoto kifuani. "Wifi, toka. Mimi ndiye niliyekufungia." Kwa kosa hilo mama yake, aliporudi, alimfukuza nyumbani.

Wakashika njia ya hospitali. Mto ulikuwa umejaa, na mwenye mtumbwi akakataa kumpakia mgonjwa. Ausi, aliyekuwa pale ukingoni, akainama. "Panda mgongoni, dada."

"Huogopi?"

"Naogopa maji, si wewe."

Akamvusha, maji yakimfika shingoni. Akarudi kumchukua mtoto, akamwinua juu ya kichwa. Tangu hapo wenye korosho hawakutaka aguse magunia yao.

Hospitalini, Daktari Kihwelo alipapasa kiwiko. "Mama, tatizo si dawa. Vijidudu vya ukoma hujificha ndani ya mishipa ya fahamu. Ulipokuwa na mimba, chembe za kinga za mwili wako zilitulia. Ulipojifungua zikaamka, zikavivamia vijidudu hivyo, na mshipa umo katikati ya vita. Unavimba, unabanwa."

"Kwa hiyo ni mwili wangu wenyewe unaonimaliza?"

"Unakupigania, ila hauchagui pa kupiga. Tungechelewa, mkono ungebaki hivyo daima."

Akampa vidonge vya kuzituliza chembe hizo, akamrudisha kwenye dawa za ukoma. Wagonjwa wengine walipogoma kulala naye wodini, ingawa aliwaeleza kuwa anayetumia dawa haambukizi, alimhamishia nyumbani kwake. Kila siku alimnyoosha vidole, kimoja kimoja.

Vidole vikafunguka. Somoe akafunga kanga yake mwenyewe, akambeba mwanawe bila kusaidiwa. Mumewe aliporudi, akasema, "Mke wangu, jina la mtoto alitoe aliyekuokoa. Mchague wewe."

"Shangazi ndiye mwenye haki ya kutoa jina," alisema Sikujua, "nami sasa sina kwetu."

"Marehemu mama yangu hana wa kubeba jina lake," alisema Ausi.

Daktari Kihwelo alitabasamu kidogo. "Mimi sikujaliwa mtoto."

Somoe alimtazama kila mmoja, asione njia ya kutoka. Amtaje mmoja, awaumize wawili. Bila mlango kufunguliwa, angeozea ndani. Bila mgongo, angeishia ukingoni mwa mto. Bila vidole vile, angefika hospitali na kurudi na mkono uliokufa. Lakini aliyefungua ndiye aliyefunga. Aliyevusha alipoteza kazi yake. Na aliyetibu, wapo wasemao alitimiza wajibu wake tu.

Mtoto yuko mapajani mwa mama, hana jina bado. Semeni basi, ninyi mliosikia: angekuwa wenu, jina mngempa nani alitoe?