Sauti Nyuma ya Masale

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu uliifunika Uru, mteremkoni mwa Kilimanjaro, kama sanda, na ingawa mvua ilikuwa imekatika, matone yaliendelea kudondoka kutoka kwenye migomba.

Hilaria, mama wa makamo aliyekuwa akisoma masomo ya jioni huko Majengo, alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya makaburi ya ukoo. Moyo wake ulikuwa mzito. Jana yake mwalimu alifundisha kipeuo cha pili cha namba hasi. Alisema jibu lake halimo katika namba halisi, hivyo hutumiwa namba ya kufikirika iitwayo i. Hilaria alipiga ishara ya msalaba. Kwa nini kukiita kisichokuwepo, kama waitavyo mizimu? Lakini bila hisabati hiyo asingefaulu mtihani, na ndoto yake ya kuwa mwalimu ingezimika kama kibatari.

"Bwana, niongoze," aliomba. Kisha akajiuliza kwa sauti, "Kipeuo cha pili cha hasi tisa?"

"Tatu," sauti ikajibu kutoka ukunguni. Kimya. Kisha, taratibu, "i."

Mundu ukamponyoka. Alitimua mbio hadi nyumbani.

"Mama, naacha shule! Wafu wananijibu!"

"Umewaona?" aliuliza Margareta, mama mkwe wake.

"Hapana!"

"Basi unamkimbia nani? Twende."

Walirudi wakisali. Nyuma ya ua wa masale, mimea ya heshima ya Wachaga iliyozunguka makaburi, walimkuta Isack, jirani aliyekuwa akisoma naye jioni, ameganda kama gogo, ndoo ya maziwa mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema. "Dada Hilaria, kumbe ni wewe! Nilidhani marehemu babu ananipa mtihani."

Margareta alicheka hadi akashika mbavu. Hilaria, roho imemtulia, aliokota kijiti akaandika ardhini.

"Hasi tisa ni tisa mara hasi moja. Kipeuo cha tisa ni tatu, cha hasi moja ni i. Tatu i! Ulipata, kaka."

Isack hakucheka. "Mimi nilisema tatu, nikakwama. Hiyo i sikuisema mimi; niliisikia tu kama wewe."

Migomba ilitulia tuli. Hakuna aliyethubutu kuyatazama makaburi.

Margareta akapiga ishara ya msalaba. "Basi aliyejibu amewazidi kisomo. Bado unaacha shule?"

Safari hii Hilaria hakukimbia. Alisema kwa sauti, wote wawili wakisikia, "Mbele yenu na mbele za Mungu, naahidi sitaliacha darasa mpaka nielewe, maana usilolijua ni usiku wa giza."