Ndafu na Wataalamu wa Kukata

Wapendwa, ninyi mlioanza kutazama saa, tulieni, leo nina habari ya chakula. Kulikuwa na mama mmoja huku huku mlimani kwetu, na jina lake msiniulize maana ndugu zake wengine wamo humu ndani. Mama huyu alikuwa na binti mmoja tu na beberu mmoja tu. Binti alimlea kwa sala. Beberu alimlea kwa majani ya migomba, akimpelekea mwenyewe bandani kila siku, mpaka yule mnyama akanenepa hata kugeuka ikawa shida. Jirani akipita na kumuuliza atamuuza lini, anajibiwa, "Huyu hauzwi. Huyu ni ndafu ya mwanangu, atachomwa mzima siku ya kumuaga."

Basi, siku ya kumuaga binti ikafika. Wakwe wakaja kosta nzima, wamevaa sare, wanaimba. Sasa mnajua kila nyumba ina taratibu zake. Katika ukoo ule, mkwe haonji kitu kabla hajalishwa ndafu na upande wa bibi harusi. Hata soda haigusi. Akiondoka bila kuionja ni kama hakufika, na mazungumzo yote ya posa yanaanza upya. Mama wa bibi harusi naye amepambiwa kiti chake, na akishakalishwa pale hanyanyuki mpaka wageni wamekula. Kwa hiyo mama yetu alikaa, kilemba kinamkaza kichwa, anamtazama beberu wake aliyechomwa vizuri, kasimamishwa mezani na majani mdomoni. Alikuwa na furaha, jamani, asikwambie mtu.

Lakini mwenye kazi ya kukata ndafu katika ukoo ule ni kaka yake mama, na asubuhi ile, alipokuwa akishusha kreti za soda, kiuno kilimkamata. Yuko ndani, amelala kifudifudi, anaguna. Mshereheshaji akashika maikrofoni. "Ndugu zangu, nani hapa anajua kukata?"

Loo! Hilo nalo ni swali la kuwauliza watu wa kwetu?

Wa kwanza kusimama alikuwa fundi cherehani. "Kukata ndiyo kazi yangu tangu ujana," akasema, akatoa tepu yake shingoni, akaanza kumpima beberu kifua na kiuno. Maana kwa fundi wa nguo, ukikata kabla ya kupima umeharibu. Halafu akachora mistari ya chaki. Juu ya nyama, wapendwa! Chaki!

Kinyozi akamsogeza pembeni. "Kukata gani huko kwa kupimapima? Kukata ni kupunguza kidogo kidogo, unarudi nyuma, unaangalia." Akapunguza upande wa kulia, akarudi nyuma, akaona wa kushoto umezidi. Akapunguza wa kushoto, wa kulia ukazidi. Vile vipande vilikuwa vinaanguka chini, na mbwa wa nyumba ile akafurahi kuliko maharusi.

Ndipo akainuka daktari wa upasuaji. Huyu akaomba glovu, akaomba taa isogezwe, akaagiza kisu kikachemshwe, akauliza beberu alikula mara ya mwisho saa ngapi. Pembeni yake hakimu mstaafu akakohoa. "Kukata kokote," akasema, "iwe shauri, iwe nyama, huanza kwa kusikiliza pande zote mbili." Akawataka upande wa bibi harusi waeleze paja ni la nani kwao, na upande wa bwana harusi wajiandae kujibu.

Mnacheka. Lakini nani kati yao alidanganya? Hakuna. Neno ni lile lile, na kila mmoja ameliishi miaka mingi kwenye kazi yake. Tena ukumbi ulikuwa unafurahi, simu zimeinuliwa, watu wanapiga picha. Aliyekuwa hacheki ni mama peke yake.

Kwa sababu mama alikuwa anatazama upande wa pili. Alimwona mama wa bwana harusi anameza mate. Alimwona bibi mmoja wa upande ule ameegemea ukuta, macho yamelegea kwa njaa. Alimwona dereva wa kosta anamnong'oneza baba wa bwana harusi, na wote wawili wanatazama mawingu, maana barabara ya kwao ina mto usio na daraja, na mvua ikishanyesha haupitiki. Baba akavaa koti lake. Wanawake wakaanza kushika mikoba.

"Wakwe zetu, mtuvumilie kidogo," mshereheshaji akasema. "Wataalamu bado wanashauriana."

"Sisi tumevumilia, mwanangu," baba akajibu kwa upole. "Mto ndio hautatuvumilia. Tutarudi siku nyingine, tuanze upya."

Tuanze upya! Mama aliposikia hivyo akageuka. Akamwona binti yake ameinamisha kichwa, machozi yanaharibu wanja. Wewe ungekaa? Akanyanyuka kwenye kile kiti, na ukumbi mzima ukaguna: mama kasimama! Kisu hakukiomba, maana kisu kilikuwa jikoni kinachemka. Akakunja mikono ya gauni, akamshika beberu wake kwa mikono miwili, akavuta. Paja likatoka na nusu ya mgongo. Akavuta tena, ubavu ukaja na ngozi inaning'inia. Hakimu akafumba macho. Fundi cherehani akashika kichwa.

Mama hakuwatazama. Mafuta yanamtiririka mpaka viwikoni, kilemba kimekwenda upande, akakimbilia kwa yule bibi akamlisha, akamlisha mama wa bwana harusi, akamfuata baba huko nje, akamkuta ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya kosta.

"Mkwe wangu," akasema, anahema, "unisamehe. Mimi kukata sijui. Lakini huyu nimemfuga kwa ajili yenu."

Baba akapokea kwa mdomo. Akatafuna. Akameza, akamtazama mama usoni.

"Mkwe," akasema, "tangu nizaliwe sijaona nyama iliyokatwa vibaya namna hii." Halafu akavua koti. "Niongeze."

Vigelegele vya siku ile mpaka leo vinazungumzwa. Dereva mwenyewe alizima gari, akaja na sahani.

Haya, sasa ni sisi. Mnakumbuka mzee wetu alipolazwa? Tukaunda kamati ya kumtembelea. Nesi wetu akasema kumtembelea mgonjwa ni kwanza kujua saa za kuingia wodini. Mwalimu akataka tugawanywe makundi. Wanakwaya wakasema kutembelea bila wimbo si kutembelea, na wimbo bila mazoezi hawauimbi. Yote yalikuwa mazuri, mimi sina hata moja la kupinga. Kikao kikaahirishwa, kikaitwa kingine, chai ikanywewa.

Tukakutana tena ili tukubaliane nani atangulie. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mtu polepole, akavuta kiti, akakaa, akauliza tumefika ajenda ya ngapi. Alikuwa mgonjwa mwenyewe. Amepona! Mungu alikwenda kumwona bila kamati.

Tulicheka sana jioni ile, na yeye alicheka nasi, maana ni mtu mwema. Leo yuko hapa, benchi la tatu, ananitazama. Lakini mnaona nafasi iliyo wazi pembeni yake? Ni ya mkewe. Ana homa tangu juzi, amelala nyumbani, na nyumba yao wote mnaijua.

Kwa hiyo matangazo leo sisomi, na kikao siitishi. Asiyejua kuombea, aende akachote maji. Wanakwaya, nendeni na wimbo ambao hamjaufanyia mazoezi. Mgonjwa wetu atawaambia mmeimba vibaya, kisha atawaomba muurudie. Amina. Mbona bado mmekaa?