Binti Asiyetoka Jasho

Mzee Sirili wa Uru alikuwa na kipimo kimoja tu cha kazi, nacho ni jasho. Kibarua akimlimia katika kahawa, Mzee hakuuliza ameishia mstari gani, alimtazama shati mgongoni. Likiwa kavu alimwambia, "Wewe umekuja kutembea." Hata padri akihubiri bila kufuta uso kwa leso, Mzee Sirili alirudi nyumbani akinung'unika kwamba siku hizi mahubiri yamekuwa mepesi.

Basi Mungu naye ana utani wake. Mtu wa namna hiyo akampa binti kama Gladness.

Gladness, kitindamimba wake, alikuwa mwendesha baiskeli za mashindano. Kila asubuhi alishuka hadi Moshi mjini na kuupanda tena mlima wa Uru, mlima ambao hata magari huupanda yakikohoa. Wenzake walipoufikia walisimama juu ya pedeli, wakaiyumbisha baiskeli huku na huku, meno nje, shingo zimetoka mishipa. Gladness aliketi. Mabega yalitulia, kichwa hakikutikisika, na magoti yalipanda na kushuka bila pupa kama sindano ya cherehani. Mnyororo wenyewe ulinong'ona tu. Aliyemwona kwa mara ya kwanza alidhani baiskeli ndiyo inayompeleka.

Wageni walisimama kumtazama, wakasema ni mrembo wa mwendo. Baba yake aliona aibu tupu. Kilabuni, mbele ya kata za mbege, rafiki yake Vedastus, aliyezoea kumwita Mangi, yaani chifu, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mangi, jana nilimwona binti yako akipanda mlima. Nilidhani anakwenda kusali jumuiya!"

Watu walicheka hadi pombe ikawapalia. Mzee Sirili alicheka nao kwa nje, lakini moyoni aliungua. Alimpenda Gladness kuliko alivyoweza kusema, na hakujua njia nyingine ya kumpenda mtoto ila kumhimiza.

Kocha wa Gladness, kijana aitwaye Ezra, aliwahi kufika nyumbani kumweleza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Niambie, huyu mtoto anafanya nini huko barabarani?"

"Mzee, kuna kukanyaga na kuna kuzungusha," Ezra alisema, akichora duara hewani kwa kidole. "Wengi wanakandamiza chini tu, kama mtu anayeponda udongo. Gladness mguu mmoja ukishuka, wa pili anauinua mwenyewe, haumwachii mwenzake mzigo. Duara halikatiki. Hapo ndipo nguvu yote inakwenda mbele. Kumfundisha mtu hivyo huchukua miaka, yeye amezaliwa nayo."

"Kwa hiyo hatoki jasho."

"Anatoka, mzee, ila kidogo."

"Kidogo!" Mzee Sirili aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Kidogo ndiyo nini?"

Ezra akaomba maji ya kunywa.

Siku ikafika ambayo maneno yaligeuka kuwa hukumu. Klabu ya baiskeli ya mjini ilikuwa na nafasi moja imebaki katika timu ya wanawake, timu ambayo ingezunguka nchi nzima ikishindana. Wasichana wangeondoka kata ya Mawenzi, wapande hadi kanisani Uru, washuke, kisha wapande tena. Atakayefika kanisani wa kwanza katika mpando wa pili, nafasi ni yake.

"Sawa, ashindane," Mzee Sirili aliwatangazia ndugu wote waliokuwapo nyumbani siku hiyo. "Lakini akishindwa, baiskeli hii ya kuazima inarudi kwa mwenyewe, na yeye anapanda basi kwenda Dodoma kukaa dukani kwa shangazi yake Mektrida. Sitalea mtoto wa kutembea."

Mkewe Theodora aliweka chini sufuria ya mtori. "Baba Gladness, punguza sauti. Mtoto hatiwi moyo kwa vitisho."

Gladness hakubisha. Aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, baba." Lakini Theodora alimwona usiku akiifuta baiskeli ile taratibu, kipande kwa kipande, kama mtu anayemuaga ndugu, na alipomwambia akalale, macho ya binti yalikuwa mekundu.

Siku ya mashindano kulipambazuka mawingu yamekaa mlimani baada ya mvua kubwa. Kwenye kona iliyo karibu na kihamba cha Mzee Sirili, shamba lake la migomba na kahawa, mfongo wa kumwagilia mashamba ulikuwa umejaa ukavunja kingo, na maji yake yakatandaza tope jembamba jekundu juu ya lami. Hapo ndipo wanakijiji waliposimama kushangilia, wengine wameshika majani ya migomba. Mzee Sirili alikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi, na Vedastus pembeni yake akiwa tayari kwa maneno.

Wapandaji wakatokea. Mbele alikuwa Pamela, msichana wa mjini mwenye mapaja ya nguvu, akikanyaga kwa mguno mpaka watoto wakaanza kuguna naye. Wa pili alimfuata akiyumba. Wa tatu, unyo kwa unyo, alikuwa Gladness, uso umetulia kama aliyetumwa chumvi kwa jirani.

"Mangi," Vedastus alisema kwa sauti ya kusikika kona nzima, "hebu mwamshe umwambie mashindano yameanza!"

Kicheko kikalipuka. Mzee Sirili damu ikampanda kichwani. Akaingia barabarani hatua mbili, akafumbua kinywa ambacho kilizoea kuita vibarua kutoka ng'ambo ya bonde.

"Gladness! Kanyaga! Toa jasho, mwanangu! Usinitie aibu!"

Gladness alilelewa kuitika sauti hiyo mara moja. Akainuka kitini. Akakanyaga. Baiskeli ikaanza kulala kushoto na kulia, mabega yakapigana, uso ukajikunja. Kona yote ikapiga mayowe ya furaha.

"Hapo sasa!" Mzee Sirili alijipiga kifua. "Mmeona? Huyo ndiye wangu!"

Walipopita kuteremka, wakitumia upande wa pili wa barabara, Mzee aliwahesabu kwa hamu. Pamela, wa kwanza. Akapita mwingine, na mwingine, na mwingine tena. Gladness alikuwa wa saba, kinywa wazi, na hakumtazama mtu.

Ezra, aliyekuwa akiwafuata kwa pikipiki, akasimama. Kijana wa watu alikuwa na neno zito, na aliyetakiwa kuambiwa alikuwa mkubwa kuliko baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Umeona alivyokanyaga?"

"Nimeona, mzee. Na kuanzia hapa hadi kanisani amepitwa na wanne. Miguu imemjaa uchovu." Alijikuna kisogo. "Mzee, hiyo sauti ni nzuri mno. Naomba tuitunzie kwaya."

Akawasha pikipiki akaondoka kabla hajajibiwa.

"Aisee! Mtoto wa juzi ananifunga mdomo!" Mzee Sirili alifoka, lakini Vedastus alikuwa akicheka, hivyo akakosa pa kuweka macho, akayaelekeza chini. Na chini hapo, katika tope, aliona njia za magurudumu.

Mzee Sirili alikuwa mkulima. Miche yake ya kahawa aliipanda kwa kamba, na mstari uliopinda aliuona hata gizani. Alizitazama zile alama. Nyingi zilijipinda kama nyoka, zikienda upande huu na kurudi upande ule. Moja tu, iliyopita ukingoni karibu na miguu yake, ilinyooka kana kwamba mtu aliivuta kwa kamba. Aliifuata kwa macho kutoka chini hadi pale aliposimama. Hapo, mbele kabisa ya viatu vyake, mstari ule ulivunjika. Kuanzia hapo na kuendelea, nao ukawa nyoka.

Alichuchumaa, akaugusa kwa kidole. Hakuhitaji kocha wa kumfafanulia. Nguvu ya mwanawe ilikuwa ikienda mbele yote, mpaka mtu fulani alipoisukuma ikaenda pembeni. Na mtu huyo alikuwa na kofia mkononi na koo linalouma kwa kupiga kelele. Moyo ukamuuma Mzee Sirili. Aliliona basi la Dodoma, na mtoto wake dirishani.

"Safari hii utamwitaje?" Vedastus aliuliza.

Mzee alibaki amechuchumaa, macho kwenye mstari. Jambo hilo lenyewe lilimtisha Vedastus.

Muda ulikwenda. Kisha mguno wa Pamela ukasikika tena kutoka chini. Alikuwa bado mbele, ila sasa alikuwa akiufagia mlima mzima kwa gurudumu. Nyuma yake wawili wakihema. Gladness alikuwa wa nne. Huko chini, mbali na macho ya watu wa kwao, alikuwa amerudi katika mwendo wake, akawapita watatu mmoja baada ya mwingine.

Lakini alipoikaribia kona alimwona baba yake. Mabega yakakaza. Mikono ikaushika usukani kwa nguvu, na taratibu akaanza kuinuka kitini, kama mtoto anayeitika kabla hajaitwa.

Mzee Sirili aliona. Kelele zilimjaa kifuani hadi macho yakamtoka pima. Akaangusha kofia, akaziba mdomo wake kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa, hapana, hapana. Kisha akautoa mkono mmoja, na kwa kidole akachora hewani duara, na duara jingine, na jingine, pole pole, bila kulikata.

Gladness alimkodolea macho. Halafu akaketi.

"Mbona humwambii ki..." Vedastus alianza. Mkono wa Mzee Sirili ukamwangukia mdomoni. Waliokuwa jirani wakaona, wakanyamaza. Waliokuwa nyuma wakanyamaza kwa kuwa wa mbele wamenyamaza. Kona nzima ikawa kimya kama kanisa wakati wa mageuzo, na katikati ya kimya hicho Gladness akapita, mnyororo ukinong'ona, magoti yakipanda na kushuka.

Alipopotea kwenye migomba, Mzee Sirili alikumbuka kwamba ana miguu. Alirukia njia ya mkato inayofuata mfongo, akikimbia kwa namna ambayo kijiji hakikuwa kimeiona tangu ujana wake, na nusu ya kona ikakimbia nyuma yake. Walitokea uwanja wa kanisa wakihema kama mbwa, wakati uleule wapandaji walipoingia kwenye kipande cha mwisho.

Pamela alikuwa amesimama juu ya pedeli, lakini miguu ilikuwa imegoma. Alikanyaga, baiskeli ikaenda pembeni. Alikanyaga tena, ikaenda upande wa pili. Gladness alimjia kwa nyuma bila kishindo chochote, bila mguno, bila hata kwaruzo la mnyororo, hivyo Pamela hakujua kwamba anapitwa mpaka alipouona mgongo wa mwenzake mbele yake. Gladness alivuka mstari akiwa ameketi.

Hapo ndipo Uru ilipolipuka. Akina mama walipiga vigelegele, kengele ya kanisa ikavutwa na mtu ambaye mpaka leo hajakiri, ngoma za kwaya zikatolewa nje, na Vedastus akawa anamwambia kila aliyemkuta kwamba yeye siku zote alisema huyu binti ni hatari. Ezra aliruka juu ya pikipiki yake mpaka ikaanguka.

Gladness alishuka, akamtafuta baba yake kwa macho. Alimwendea kwa woga.

"Shikamoo, baba. Nilikuona umeziba mdomo. Nilidhani unalia."

Mzee Sirili aligeuka. Alitembea hadi kwenye uzio wa kanisa, akachuma jani la isale, akarudi nalo. Watu wakasogea karibu. Kila Mchagga anajua maana ya jani hilo: ni la kuomba radhi, na ukipewa huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Lakini hakuna aliyewahi kuona baba mzima akimpa binti yake wa mwisho. Alimkabidhi kwa mikono miwili.

Gladness alipiga goti na viatu vyake vya mashindano, akalipokea, na machozi yakamtoka huku akicheka.

"Mangi, sema basi hata neno!" Vedastus alilia.

Mzee Sirili alitikisa kichwa, akamkumbatia mtoto wake. Theodora, aliyekuwa akimwomba mumewe apunguze sauti tangu siku ya harusi yao, aliangua kicheko, akawageukia watu wote uwanjani.

"Leo mmeyaona kwa binti, mkayaona na kwa baba," alisema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."