Dagaa wa Katikati ya Mto

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakafunga milango kwa komeo na kupigiana hodi kila asubuhi, palikuwa na mama mmoja Nguchiro, jina lake Sikudhani. Alikuwa mdogo wa umbo, mwembamba, na macho yake hayakutulia mahali pamoja. Alikaa na mumewe Mbwana na watoto wao watano karibu na Mto Kisiwi, mto uliomwaga maji yake ziwani.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila mwaka, mvua za kwanza za masika zilipoanza, dagaa walitoka ziwani wakaupanda mto huo kwenda kutaga mayai. Walipanda siku tatu tu. Siku tatu! Basi kila nyumba ilitoa wavu wake wa kuchotea, ule wenye mfuko, pete ya fito na mpini mrefu. Walichota, wakawakausha dagaa kwa moshi, wakawa na kitoweo mpaka mvua ziishe. Nyumba iliyokosa ilikula ugali kwa chumvi masika mazima.

Kwa Sikudhani, mvuvi alikuwa Mbwana. Lakini mwaka huo, lo! Siku ile ile dagaa walipoanza kupanda, Mbwana alikanyaga mwiba. Mguu ukavimba, tuu! ukawa kama boga. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kikapu kikabaki kitupu.

Asubuhi ya siku ya tatu Sikudhani aliutoa wavu nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi na wavu wangu?" Mbwana akauliza kutoka kitandani.

"Mtoni."

"Wewe? Hujawahi kuvua hata siku moja!"

"Basi nifundishe, baba watoto."

Mbwana akakuna kichwa. Alikuwa akivua tangu utotoni. Mikono yake ilijua kazi, mdomo haukujua kuieleza.

"Unachota tu," akasema mwishowe. "Kama maji ya mtungini."

"Ndiyo mafunzo yote hayo?"

"Ndiyo yote."

Sikudhani akajitwika kikapu, akaweka wavu begani, huyo akaenda. Njiani moyo ulimdunda, du, du, du. Alikuwa akiwafikiria watoto watano na kile kikopo cha chumvi.

Mahali pazuri pa kuvulia paliitwa Shingoni, kwa sababu hapo mto ulikuwa mwembamba na dagaa wote walilazimika kupita kwa kubanana. Lakini alipofika akakuta ukingo wote umekaliwa. Huku amejilaza Mzee Ngwali, Kiboko. Kule amesimama Bwana Madebe, Nyati. Msiniulize kiboko na nyati na dagaa wapi na wapi. Siku hizo walikula kila kitu. Nyuma yao kulikuwa na vikapu vya dagaa vya siku mbili, vimejaa mpaka vinamwagika, na bado walikuwa wanachota.

"Shikamoo, Mzee Ngwali."

"Marahaba," Kiboko akajibu bila kugeuka.

"Naomba nafasi kidogo, mzee wangu. Mume wangu anaumwa mguu."

"Hapa pamejaa."

"Pamejaa nani?"

"Pamejaa mimi!" Kiboko akasema, na Nyati akacheka mpaka wavu ukamtoka mkononi.

Sikudhani akashusha kikapu chini. "Basi angalau nifundisheni. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

Wale wakubwa wakatazamana, wakakonyezana.

"Ni rahisi, binti yangu, fanya kama sisi," akasema Kiboko. "Panda jiwe lile. Tupa wavu kule chini maji yanakokwenda, halafu uvute kuja juu kwa nguvu zako zote. Uwakimbize!"

Sikudhani akapanda jiwe. Akatupa wavu kule chini. Akavuta. Maji yakaingia kwenye mfuko, fyuu! yakauvimbisha, wavu ukawa mzito kama ng'ombe. Akavuta, wavu nao ukamvuta. Akavuta, ukamvuta.

Chubwi!

"Kwa-kwa-kwa-kwa!" Kiboko akacheka, tumbo likatikisika hadi ukingo ukamegeka. "Madebe, umemwona? Dagaa wamevua nguchiro!"

Sikudhani akatoka majini amelowa, anatetemeka, mkia umekuwa kama uzi. Alitaka kulia. Hakulia. Aliushika wavu wake, akaenda kukaa kwenye tope, hatua chache chini ya pale, ambapo mto ulipanuka na dagaa walitawanyika. Akalala kifudifudi, pua karibu iguse maji, akaangalia.

Akaangalia kwa muda mrefu. Wenzake wangesema amelala.

Mara akamwona dagaa mmoja. Halafu wawili. Halafu kundi. Wote wameelekeza vichwa kule maji yanakotoka. Na hawakupita katikati, la! Katikati maji yalikuwa na nguvu, yaliwarudisha. Walipita pembeni kabisa, chini ya ukingo, wakipumzika nyuma ya kila jiwe.

"Kumbe!" akanong'ona. "Kumbe hawakimbizwi. Wanakutwa njiani!"

Akainuka. Akapeleka wavu juu kule maji yanakotoka, akauzamisha pembeni, akauacha ushuke taratibu pamoja na maji. Dagaa waliokuwa wanapanda wakaingia wenyewe. Akainua. Tapa, tapa, tapa! Dagaa saba, wanang'aa kama sindano mpya.

Jamani, furaha aliyoipata! Alitaka kupiga vigelegele. Akajiziba mdomo kwa mkono. Akachota tena, akapata wanne. Akachota tena, wawili. Hapo topeni walikuwa wachache mno. Jua limeshapanda, na jioni msafara wa dagaa utakuwa umekwisha. Bila Shingoni, kikapu hakijai.

Akawatazama wale wakubwa. Akatazama katikati ya mto. Halafu akaanza kuruka-ruka.

"Weee! Lahaula! Huyo! Huyo mwingine! Mungu wangu, wanene hao!"

"Kuna nini huko?" Nyati akauliza.

"Hakuna kitu, Bwana Madebe. Endeleeni na kazi zenu."

"Kuna nini, nakuuliza!"

"Mimi mgeni wa kazi hii, labda nimeona vibaya. Lakini katikati pale, naona dagaa wanene kama kidole gumba. Wamejaa!"

Kiboko akainua shingo. "Mbona sisi hatujawaona?"

"Mmekaa pembeni, mzee wangu. Lakini hata msijisumbue. Pale maji ni makali. Nasikia watu wanasema hata Mzee Ngwali hawezi kusimama pale."

"Nani kasema?"

"Siwezi kumtaja mtu."

"Nani kasema siwezi?"

"Umri nao umekwenda, mzee..."

"Umri!" Kiboko akanguruma. "Madebe! Twende!"

Pwaa! Kiboko akaingia. Pwaa! Nyati akafuata. Wakasimama bega kwa bega katikati ya Mto Kisiwi, maji yakiwagonga vifuani, nyavu zao mikononi.

"Mnaonaje?" Sikudhani akauliza.

"Tunasimama! Nenda kawaambie hao watu wako!"

"Hongereni! Sasa kanyageni chini kwa nguvu, dagaa wapande juu!"

Basi wakakanyaga. Puu! Puu! Puu! Miguu yao mizito ikapiga mto mpaka tope likatibuka. Na dagaa, maskini, waliokuwa wanapanda kwa amani, waliposikia kishindo kile wakazidi kubanana ukingoni. Ukingo ule ulioachwa wazi. Ukingo ambako Sikudhani alikuwa ameshasimama na wavu wake.

Akapeleka juu, akashusha na maji. Tapa-tapa-tapa! Akamwaga kikapuni. Akapeleka juu, akashusha. Tapa-tapa-tapa-tapa! Mikono ilimuuma, mgongo ulimuuma, naye anacheka peke yake.

"Mmepata?" akaita.

"Bado!" Kiboko akajibu. Wavu wake ulikuwa na majani na nusu ya ufagio.

"Ongezeni kukanyaga!"

Puu! Puu! Kishindo kikaendelea.

Kikapu kikajaa. Akavua kitenge chake, akakifunga ncha kama mfuko. Nacho kikajaa. Hapo ndipo Nyati alipogeuza kichwa kutazama ukingoni. Akatazama nyavu zao mbili. Akatazama tena ukingoni.

"Mzee Ngwali," akasema polepole, "hebu acha kukanyaga."

"Kwa nini?"

"Acha tu. Tazama kule."

Kiboko akatazama. Macho yakamtoka. Akaja mbio, maji yakiruka huku na huku. "Wewe Nguchiro! Umetudanganya! Ulisema dagaa wamejaa katikati!"

Sikudhani alikuwa ameshapanda juu ya ukingo, kikapu kichwani, kitenge mgongoni, mguu mmoja tayari kukimbia.

"Na walikuwepo, mzee wangu," akasema kwa adabu. "Mlipoingia nyinyi, wakatoka."

Nyati akafungua mdomo kukasirika. Badala yake kicheko kikamtoka, hoo-hoo-hoo! Akacheka mpaka akakaa majini. "Mama," akasema alipoweza kusema, "hebu nionyeshe ulivyokuwa unashusha huo wavu. Nimevua hapa miaka sita, sijawahi kuona hivyo."

"Juu kwanza, Bwana Madebe, kule maji yanakotoka. Pembeni. Halafu uache maji yafanye kazi."

Nyati akajaribu. Tapa-tapa-tapa!

"Mzee Ngwali, njoo ujaribu!"

"Mimi?" Kiboko akasema. "Nifundishwe kuvua na kitu kinachoweza kulala kikapuni mwangu?" Akajilaza tena ukingoni, akatupa wavu kule chini, akauvuta kuja juu kwa nguvu zake zote. Sasa maji yalikuwa yameongezeka kwa mvua ya milimani, yana hasira. Fyuu! Wavu ukavimba. Akavuta, ukamvuta.

Chubwi! Mto ukakosa maji kwa muda.

Sikudhani hakusubiri kuona anavyotoka. Alishafika mbali, na watoto watano walikuwa wanakuja mbio njiani kumpokea.

Nami nimefika mwisho wa maneno yangu, wanangu, na funzo lake ni hili: anayewacheka wanaojifunza hubaki yeye mwenyewe bila kujifunza.